Pikipiki ya nguvu kiasi gani inakutosha? Mwongozo kamili wa kupima kabla ya kulipa

Swali linajirudia kila wiki: "Ninunue cc 100, 125 au 150?" Kijiweni jibu ni moja, chukua kubwa. Matokeo yake tunayaona. Dereva wa mjini analipa hesabu ya mkataba kwa pikipiki inayomeza mafuta asiyoyahitaji, na mwenzake wa milimani anaua klachi kila baada ya miezi michache kwa pikipiki aliyoambiwa "hiyo ina nguvu".

Wote wawili walichagua kwa kuangalia cc. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa silinda tu. Nguvu unayohitaji inatokana na uzito unaobeba, mlima unaopanda, mwendo unaotaka na mahali unapoishi. Vyote vinne unaweza kuvipima mwenyewe kwa mchana mmoja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi, kalamu na simu yenye kikokotoo.
- Mizani. Ile ya kupimia mazao sokoni inatosha.
- Ubao mnyoofu wenye urefu wa mita moja, futi kamba, na pimamaji ya fundi ujenzi.
- Kitabu cha pikipiki unayoifikiria, au picha ya ukurasa wake wa takwimu.
- Mtu mzima mmoja wa kukusindikiza, na kofia ngumu mbili.
- Mlima wako. Mlima wa muuzaji hautakusaidia.

## Hatua ya 1: Soma namba nne kwenye kitabu

Tafuta nguvu ya juu kabisa ya injini. Itaandikwa kwa nguvu za farasi au kwa kilowati, na ikiwa ni kilowati zidisha kwa 1.36. Kuanzia hapa nitaandika "farasi" kwa kifupi. Kisha tafuta mvuto wa injini, yaani nguvu yake ya kusokota, ulioandikwa kwa alama ya Nm. Tatu, mizunguko kwa dakika ambapo kila kimoja kinafikia kilele. Nne, uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na oili.

Ili uone jinsi cc inavyodanganya, linganisha pikipiki mbili. Royal Enfield Classic 350 ina cc 349 na inatoa farasi 20 hivi. Yamaha R15 ina cc 155, chini ya nusu ya hizo, na inatoa farasi 18 hivi. Tofauti iko kwenye mvuto: ya kwanza inatoa Nm 27 injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ya pili inatoa Nm 14 hivi na inabidi izungushwe hadi mara 10,000 ili farasi wake wote watoke. Kwa mtu mwenye gunia nyuma, hizo ni pikipiki mbili tofauti kabisa.

Sasa njoo kwenye pikipiki za kazi. Bajaj Boxer 150 inatangazwa kuwa na farasi 12 kwa mizunguko 7,500 na Nm 12.26 kwa mizunguko 5,000. Boxer ya cc 100 ina farasi 8 na kitu. Pikipiki za kazi za cc 125 nyingi ziko kati ya farasi 10 na 11. Takwimu hubadilika kidogo kwa toleo na mwaka, kwa hiyo soma kitabu cha ile unayonunua.

Kuna hesabu moja ambayo kila dereva angepaswa kuijua: zidisha Nm kwa mizunguko, gawa kwa 7,024, unapata farasi wanaotoka wakati huo. Kwa Boxer 150 kwenye mizunguko 5,000, ni 12.26 × 5,000 ÷ 7,024, yaani farasi 8.7. Maana yake, dereva anayepandisha gia mapema kila mara, injini ikiwa bado inanguruma kwa chini, hajawahi kukutana na farasi wote 12 aliowalipia. Wengi wanaolalamika kwamba pikipiki haina nguvu wako kwenye kundi hili. Wanapanda mlima kwa gia namba nne injini ikikohoa, ilhali gia namba tatu ingewapa nguvu iliyokuwepo siku zote.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba zote nne kwenye karatasi. Muuzaji akikupa cc tu na kukosa hizo nyingine, usiendelee naye mpaka azilete.

## Hatua ya 2: Pima uzito wote unaotembea

Jumlisha pikipiki, wewe mwenyewe, abiria na mzigo. Usikisie. Watu hukisia chini, na kila kilo unayoisahau hapa itajitokeza mlimani.

Pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150 nyingi zina kilo 100 hadi 130. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo madumu manne ni kilo 80, zaidi ya abiria wengi. Gunia la mkaa au la viazi lipeleke kwenye mizani, kwa sababu magunia ya lumbesa hayana uzito wa kuaminika.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho: pikipiki kilo 120, dereva 70, abiria 75, begi kilo 5. Jumla kilo 270.

Tahadhari: kitabu kinataja mzigo wa juu unaoruhusiwa. Ukiuvuka, farasi zaidi hawatakusaidia, kwa sababu kinachoshindwa kwanza ni spoki, shokapu, tairi la nyuma na breki. Ndiyo maana sifanyi hesabu ya mishikaki (abiria wawili au zaidi) hapa. Kisheria abiria wa pikipiki ni mmoja, na breki ile ilitengenezwa kwa huyo mmoja.

## Hatua ya 3: Pima mlima wako

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo jibu lilipo.

Nenda kwenye sehemu mbaya kuliko zote ya njia yako, ile ambayo pikipiki za wengine huanza kulalamika. Simama pembeni kabisa mwa barabara. Laza ubao wa mita moja ukielekea juu ya mlima. Weka pimamaji juu yake, kisha inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati. Pima kwa futi pengo kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita ulizopata ndizo asilimia za mwinuko: pengo la sentimita 12 ni mlima wa asilimia 12.

Rudia sehemu tatu tofauti na uchukue wastani, maana shimo moja dogo linaharibu kipimo. Kama huna pimamaji, simu nyingi zina programu ya kupima ulalo kwa nyuzi. Nyuzi 5 ni karibu asilimia 9, nyuzi 7 ni karibu 12, na nyuzi 10 ni karibu 18.

Kisha ongeza ubaya wa njia, kwa sababu tairi linalozama ni sawa na mlima uliofichwa. Kwa makadirio ya kutosha kazi hii: lami ongeza 2, vumbi gumu ongeza 3 au 4, mchanga laini au matope ongeza 10 na zaidi.

Ukiishi sehemu tambarare kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, mlima wako ni sifuri na unabaki na ile 2 ya lami. Anayeshuka na kupanda Kitonga, au anayefanya kazi kati ya Mombo na Lushoto, asichukue wastani wa safari nzima. Achukue kipande kibaya kuliko vyote, kwa sababu huko ndiko injini itakakokwama.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya farasi

Kwa mlima na njia:

Uzito (kilo) × asilimia × mwendo (kilometa kwa saa) ÷ 27,000 = farasi

Kwa upepo, tumia makadirio haya ya dereva na abiria waliokaa wima:

- Kilometa 30 kwa saa: farasi 0.3
- Kilometa 50 kwa saa: farasi 1.4
- Kilometa 60 kwa saa: farasi 2.5
- Kilometa 80 kwa saa: farasi 5.8
- Kilometa 90 kwa saa: farasi 8.3
- Kilometa 100 kwa saa: farasi 11.4
- Kilometa 120 kwa saa: farasi 19.6

Tazama namba hizo vizuri. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unadai nguvu mara nane. Nguvu kubwa ya injini huliwa na mwendo, na mzigo unachukua sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Jumlisha mlima na upepo, kisha zidisha kwa 1.2 kwa ajili ya nguvu inayopotea kwenye gia, cheni na spoketi.

Sasa mifano, yote kwa kilo 270 isipokuwa nitakapotaja.

Bodaboda wa mjini, tambarare, kilometa 50 kwa saa. Njia: 270 × 2 × 50 ÷ 27,000 = 1. Ongeza upepo 1.4, ni 2.4. Zidisha kwa 1.2, ni farasi 2.9.

Mlima wa asilimia 12, vumbi gumu, kilometa 30 kwa saa. Asilimia zinakuwa 15. Njia: 270 × 15 × 30 ÷ 27,000 = 4.5. Ongeza upepo 0.3, zidisha kwa 1.2, ni farasi 5.8.

Barabara kuu, lami, kilometa 80 kwa saa. Njia 1.6, upepo 5.8, jumla 7.4. Zidisha kwa 1.2, ni farasi 8.9.

Barabara kuu, kilometa 100 kwa saa. Njia 2, upepo 11.4, jumla 13.4. Zidisha, ni farasi 16. Ndiyo maana pikipiki ya farasi 12 ikiwa na abiria inaishia kwenye 90 hivi, hata ukikunja mkono wa mafuta mpaka mwisho. Haina ugonjwa. Imekutana na upepo.

Mkulima kwenye matope. Pikipiki 120, dereva 70, mzigo 100, jumla kilo 290. Mlima 10 na matope 10, asilimia 20, mwendo kilometa 15 kwa saa. Njia: 290 × 20 × 15 ÷ 27,000 = 3.2. Kwa mwendo huu upepo hauna hesabu. Zidisha kwa 1.2, ni farasi 3.9. Mkulima anayekwama matopeni kwa cc 125 hajakosa farasi hata kidogo. Amekosa tairi lenye meno na gia ya kwanza fupi. Akinunua cc 200 yenye tairi la lami, atakwama pale pale, akiwa na pikipiki nzito zaidi ya kusukuma.

## Hatua ya 5: Ongeza akiba, kisha rekebisha kwa mwinuko wa nchi

Injini isifanye kazi kwa nguvu yake yote muda mrefu. Pikipiki za kazi nyingi hupozwa kwa upepo wa safari, na mlimani upepo huo haupo: mwendo mdogo, mafuta yamefunguliwa yote, joto linapanda. Huko ndiko pistoni na ringi zinakoharibikia. Kwa hiyo gawa jibu lako kwa 0.7, ili kazi yako ya kawaida itumie asilimia 70 tu ya injini.

Pili, hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Dar, Tanga na Mombasa hakuna cha kupunguza. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Mbeya na Nairobi ziko kati ya mita 1,700 na 1,800, na huko farasi 12 wa kitabu wanakuwa 10 barabarani. Gawa tena: kwa Arusha 0.86, kwa Mbeya na Nairobi 0.83, kwa miji ya mita 2,000 hivi kama Njombe, 0.8.

Majibu sasa:

Bodaboda wa Dar: 2.9 ÷ 0.7 = farasi 4.1. Cc 100 yenye farasi 8 inamtosha na kubaki. Mijini kikomo ni kilometa 50 kwa saa, na kila shilingi anayoiongeza kwenye injini kubwa anaitoa kwenye matumizi ya nyumbani.

Dereva wa mlima wa Mbeya: 5.8 ÷ 0.7 ÷ 0.83 = farasi 10. Cc 125 iliyotunzwa vizuri inafika, 150 inafika bila kuhangaika. Hapa ningelipia ile 150.

Wa barabara kuu kwa 80, Pwani: 8.9 ÷ 0.7 = farasi 12.7. Cc 150 ya kazi iko mpakani. Anayesafiri mwendo huo kila siku na abiria atafute farasi 14 na kuendelea, au akubali 70.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja iliyozungushiwa duara. Hiyo ndiyo unayoingia nayo dukani.

## Hatua ya 6: Kama tayari una pikipiki, ihakiki kwanza

Kabla hujauza kwa sababu "haivuti", fanya haya kwa mpangilio huu, kutoka rahisi kwenda ghali.

Isimamishe kwenye stendi ya kati, gia iwe nyutro, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Linatakiwa lizunguke raundi kadhaa kabla ya kusimama. Likisimama papo hapo, breki inashika au cheni imekazwa kupita kiasi, na farasi wako wanaliwa hapo. Fanya hivyo hivyo kwa la mbele.

Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi. Fungua eya klina. Ikiwa nyeusi au imelowa oili, ibadilishe au uisafishe kama kitabu kinavyosema. Usiendeshe bila eya klina ati ipumue vizuri, kwa sababu vumbi linasaga silinda.

Jaribu klachi. Barabarani, gia namba tatu, kilometa 30 kwa saa, fungua mafuta ghafla. Mlio wa injini ukipanda haraka na mwendo ukibaki nyuma, klachi inateleza. Hakuna cc itakayotibu hilo.

Mwisho mpe fundi apime nafasi za valvu na mgandamizo wa silinda. Pikipiki ya kabureta iliyotoka Pwani kwenda nyanda za juu huwa inapewa mafuta mengi kuliko hewa: plagi inatoka nyeusi, ekzosi inanuka petroli. Fundi anayejua kazi ataibadilishia jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta.

## Hatua ya 7: Badilisha spoketi kabla ya kubadilisha injini

Ikiwa farasi wanatosha kwenye hesabu lakini mlimani unalazimika kurudi gia ya kwanza kila mara, tatizo ni uwiano wa spoketi.

Hesabu meno. Tuseme mbele ni 14 na nyuma ni 42: 42 ÷ 14 = 3. Ukiweka 13 mbele, unapata 3.23. Mvuto kwenye tairi umepanda kwa karibu asilimia 8 katika kila gia. Kuongeza nyuma hadi 45 kunaleta karibu matokeo hayo hayo, ila huenda ukahitaji cheni ndefu zaidi.

Gharama yake ni hii: kwenye tambarare injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, itapiga kelele zaidi na kula mafuta zaidi. Kwa hiyo usiende zaidi ya jino moja mbele kwa mara ya kwanza. Badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni iliyochakaa inakula spoketi mpya kwa muda mfupi.

Ukiona kipande ulichokuwa unapanda kwa gia namba mbili sasa unakipanda kwa tatu bila injini kukohoa, umemaliza.

## Hatua ya 8: Jaribio la mwisho, mlimani na mzigo

Usinunue kwa kuzunguka uwanja wa muuzaji peke yako. Muuzaji akikataa pikipiki isitoke, kuna njia nyingine: mtafute bodaboda mwenye aina hiyo hiyo, umlipe akupandishe mlima wako, ukae nyuma usikilize.

Ukiwa unaendesha mwenyewe, fanya hivi asubuhi barabara ikiwa tupu. Mvalishe abiria kofia, vaa yako. Pasha injini dakika kadhaa. Anza chini ya mlima kwa kilometa 30, gia namba tatu, na ushikilie.

Kwanza, ifike juu bila kukulazimisha gia namba moja. Kurudi mbili kwenye kipande kibaya kabisa ni sawa.

Pili, simama katikati ya mlima, shika breki, kisha ondoka tena. Inatakiwa iondoke bila kuachia klachi nusu nusu kwa muda mrefu wala kunuka. Hili ni gumu kuliko kupanda, na ndilo linaloonyesha kama gia ya kwanza ni fupi vya kutosha.

Tatu, geuka ushuke ukiwa na mzigo ule ule. Shuka kwa gia uliyopandia, usiweke nyutro. Shika breki zote mbili kwa awamu. Zikianza kulegea au mkono wa breki kusogea mbali zaidi kila unaposhika, hiyo pikipiki si ya mlima huo hata kama ilipanda vizuri. Umbali wa kusimama kutoka kilometa 80 kwa saa ni karibu mara nne ya ule wa 40, breki zikiwa zile zile.

Zikifaulu pikipiki mbili, chukua yenye breki ya disk mbele na ambayo cheni, spoketi na klachi zake zinauzwa kwenye duka la spea lililo karibu na kijiwe chako. Pita dukani uulize bei ya vitu hivyo vitatu kabla ya kusaini mkataba.